Vipima unyevu viwili vya ghalani, namba moja: ni feki au ndivyo vilivyo?

#1 Karani_Nanyamba
Wakuu habarini. Naomba kuelimishwa.

Kwenye ghala letu la korosho tumefunga vipima joto na unyevu viwili, vile vidogo vyeupe vya kuunganisha na waifai. Kimoja kipo mlangoni, kingine kule nyuma ambako magunia hupangwa mpaka karibu na bati. Tunataka kujua mapema unyevu ukipanda, maana korosho ikishika ukungu kabla ya mnada, mkulima ndiye anayeumia.

Shida ni kwamba kwenye aplikesheni kinaonekana kifaa kimoja tu, na hicho kimoja hakitulii. Sasa hivi unyevu asilimia 61, baada ya muda mfupi 74, halafu 61 tena. Nikichomoa cha nyuma, kinatulia kwenye 61. Nikichomoa cha mlangoni, kinakaa 74. Nikageuza nikasoma stika: namba ya kifaa ni ileile kwenye vyote viwili, mpaka herufi ya mwisho.

Nijuavyo mimi kila kifaa cha mtandao kina namba yake peke yake. Je, nimeuziwa feki? Na hizi namba hutolewa na nani hasa?

#2 NjombaWaLigula
Umeuziwa mapacha, njomba. Nakaa hapa nisubiri wataalamu.

#3 Fundi_Chikongola
Feki hizo, wala usiumize kichwa. Kila kifaa cha waifai kina namba inaitwa MAC, imechomwa kwenye chipu kiwandani. Ina tarakimu na herufi 12. Sita za mwanzo ni za kiwanda, na kiwanda hakijipangii, kinazinunua kwa taasisi ya wahandisi ya IEEE. Sita za mwisho kiwanda kinampa kila mtoto wake. Kinachofanya kazi kwa uaminifu hakirudii. Wa vichochoroni wananunua chipu moja, wananakili kila kitu kilichomo, wanabandika kwenye maelfu. Matokeo ndiyo hayo yako.

#4 BintiMikindani
Fundi hapo kwenye MAC uko sawa, ila hitimisho limewahi mno. MAC inafanya kazi ndani ya mtandao wako wa ghalani tu, kati ya kifaa na ruta. Haivuki ruta kwenda nje. Seva, yaani kompyuta ya mbali inayopokea vipimo vya aplikesheni, haiioni MAC yako kabisa, labda kifaa chenyewe kiamue kuitaja ndani ya ujumbe. Na vifaa viwili vyenye MAC moja kwenye ruta moja mara nyingi vinakosa mtandao vyote kwa zamu, vinapotea hewani. Vya Karani vinaleta vipimo safi, tena vya kila upande.

Kaka Karani, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, utuambie unaona vingapi.

#5 Mzee_wa_Mtama
Hii habari ya namba imenikumbusha ile ya simu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, kijana wangu aliamka asubuhi simu yake imebaki tochi na saa tu. Alikuwa ameinunua kwa bei ya kutupa, kwenye boksi imeandikwa jina kubwa. Ukibonyeza *#06# inaleta namba tarakimu 15, ukituma kwenda 15090 unajibiwa namba hiyo ni ya simu ya aina gani. Yake ilijibiwa aina tofauti kabisa na iliyoandikwa kwenye boksi.

Kwa hiyo namba mbili kufanana si jambo geni. Karani atume hiyo namba yake 15090 apate ukweli.

#6 BintiMikindani
Shikamoo mzee wangu. 15090 ni ya IMEI, yaani hiyo namba ya tarakimu 15, na IMEI ni ya vifaa vinavyobeba laini ya simu: simu, modemu, GPS za pikipiki, na ile ruta ya ghalani kama inatumia laini. Kipima unyevu cha waifai hakina IMEI kwa sababu hakiongei na mnara. Akituma namba ya stika hatapata chochote cha maana.

#7 Mzee_wa_Mtama
Marahaba binti, nimekupata. Lakini hoja yangu imesimama: namba kuwa nzuri kwenye stika hakufanyi kifaa kiwe halali.

#8 Mwalimu_Nachi
Hapo kwenye IMEI niongezee kitu, maana huwa nawafundishia wanafunzi wangu hapa Nachingwea. Zile tarakimu 15 hazikutupwa tu. Nane za mwanzo zinataja aina ya simu, na mgao wake unasimamiwa na GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani. Sita zinazofuata ni namba ya simu moja moja. Ya 15 ni ya ukaguzi, inapatikana kwa hesabu.

Chukueni mfano unaotumika sana kufundishia: 49015420323751, halafu tunatafuta ya 15. Kila tarakimu ya pili uizidishe kwa mbili, jibu likiwa na tarakimu mbili uzijumlishe zenyewe. 9 inakuwa 18, yaani 1+8=9. 1 inakuwa 2. 4 inakuwa 8. 0 inabaki 0. 2 inakuwa 4. 7 inakuwa 14, yaani 5. 1 ya mwisho inakuwa 2. Jumlisha na zile ambazo hukuzigusa: unapata 52. Kufika kumi inayofuata, yaani 60, panahitajika 8. Basi tarakimu ya 15 ni 8. Ukikosea tarakimu moja wakati wa kuandika, hesabu inakataa.

Jaribuni na simu zenu hapo mlipo.

#9 NjombaWaLigula
Mwalimu nimekaa kwenye benchi la kahawa na karatasi, simu ya kwanza imekubali, ya pili imegoma. Hiyo ya pili nilinunua kwako wewe likizo ile, au umesahau?

#10 Mwalimu_Nachi
Rudia hesabu kijana. Unaanza kuzidisha tarakimu ya pili, si ya kwanza. Darasani ulikuwa hivihivi.

#11 Karani_Nanyamba
Nimeingia kwenye ruta. Naona vifaa viwili. MAC zinafanana tarakimu sita za mwanzo, za mwisho ni tofauti. IP, yaani anwani ambayo ruta imekipa kila kifaa, moja ni 192.168.1.103, nyingine 192.168.1.104. Kwa hiyo MAC si tatizo?

#12 BintiMikindani
Basi ruta inavitambua kama viwili, na hata IP hazigongani. Tatizo liko juu zaidi, kwenye namba ambayo seva ya aplikesheni inaitumia. Hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye stika, na ni namba ya mtengenezaji mwenyewe. IEEE wala TCRA hawahusiki nayo. Anaipanga anavyotaka.

Vifaa vingi vya aina hii vinaongea na seva kwa utaratibu unaitwa MQTT. Kifaa kikiingia kinataja kitambulisho chake. Kanuni ya MQTT iko wazi: kikija kingine kinataja kitambulisho kilekile, seva inamkata aliyetangulia na kumpokea mpya. Aliyekatwa naye amefundishwa kujiunganisha tena akikatika. Anarudi, anamtoa mwenzake. Mwenzake anarudi, anamtoa yeye. Wewe kwenye simu unaona 61, 74, 61, 74. Mchana na usiku, na bando linaliwa.

Karani, wewe ni mtu wa stakabadhi ghalani. Ni sawasawa na wakulima wawili kuandikiwa stakabadhi namba moja: kila anayefika dirishani anakuta mzigo umesomeka kwa jina la mwenzake.

#13 Karani_Nanyamba
Dada hapo nimeelewa bila mkalimani. Kwa hiyo si feki?

#14 BintiMikindani
Sijasema hivyo. Nasema dalili zinaelekea kwenye kitambulisho cha seva. Kiwanda halali kinaweza kukosea, kikamimina programu ya kifaa kimoja kwenye kundi zima bila kubadilisha namba. Na mwiga naye anaweza kufanya vilevile. Kwa dalili tu huwezi kuwatofautisha.

#15 Madimba_Kwetu
Kwa faida ya wasomaji: huo utaratibu wa MQTT ulibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM akishirikiana na Arlen Nipper, kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako mtandao ulikuwa ghali na mwembamba. Ndiyo maana unafaa hata huku kwetu kwenye mtandao wa kubahatisha. Sisi tunaoishi jirani na bomba la gesi liendalo Dar tunaona inapendeza kujua chimbuko lake.

#16 Dereva_Masasi
Binti umeeleza vizuri ila mimi sikubaliani. Nina pikipiki mbili za bodaboda zimefungwa GPS. Yalinikuta haya haya: kwenye ramani pikipiki moja inaruka kutoka stendi ya Masasi mpaka njia ya Newala, inarudi, inaruka tena. Nikadhani imeibwa. Kumbe aliyefunga alisajili zote mbili kwenye akaunti kwa IMEI ya ile ya kwanza, halafu ya pili akaiingizia IMEI hiyohiyo kwa amri ya ujumbe mfupi. Alivyoirudishia IMEI yake iliyo kwenye stika, kila moja ikakaa mahali pake. Vifaa havikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la usajili.

Karani, ulivyofunga, ulipiga QR ya kifaa kimoja ukaitumia kwa vyote? Huenda namba kwenye stika ni ya aina ya bidhaa, si ya kifaa. Watu wengi wanachanganya hizo mbili. Namba ya modeli inafanana kwa vyote vilivyotoka kiwandani, namba ya kifaa ndiyo ya peke yake.

#17 Fundi_Chikongola
Dereva umegusa pazuri kwenye modeli. Nimesahihisha vifaa vingi vya watu wanaonisomea namba ya modeli wakidhani ndiyo yenyewe. Lakini huyo aliyekuingizia IMEI mwambie aache. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kuchezea IMEI. Kwa simu ndiyo kabisa. Wateja wanakuja dukani na simu ya kuokota wanataka "ibadilishwe namba", nawarudisha mlangoni.

Na mimi bado niko palepale: stika mbili za kifaa zenye namba moja ni uigaji.

#18 Karani_Nanyamba
Dereva, namba ya modeli ipo mstari wa juu na nyingine ipo chini imeandikwa kitambulisho, ndiyo inayofanana. QR nilipiga ya kila kimoja. Cha pili nilipopiga aplikesheni ilisema kifaa tayari kipo kwenye akaunti, nikaendelea.

#19 BintiMikindani
Hapo "tayari kipo" ndipo ushahidi ulipo.

#20 Dereva_Masasi
Au QR zilichapwa mara mbili kwa bahati mbaya na namba za ndani ni tofauti. Stika ni karatasi tu, dada.

#21 Mama_Wawili_Lindi
Samahani kwa kuingilia. Mita ya LUKU nayo iko kwenye mtandao? Maana mwaka 2024 tuliingiza zile namba nyingi kabla umeme haujaingia, na jirani alijaribu tokeni yangu kwenye mita yake ikakataa.

#22 Madimba_Kwetu
Mama, mita nyingi za LUKU hizi za kuingiza tokeni haziko kwenye intaneti hata kidogo. Zinajitegemea. Namba ya mita yako, tarakimu 11, ndiyo inayohusika kutengeneza ufunguo wa siri wa mita hiyo. Tokeni ya tarakimu 20 imefungwa kwa ufunguo huo, kwa hiyo mita ya jirani inaona takataka.

Lile zoezi la 2024 lilikuwa la dunia nzima kwa mita za aina hii. Ndani ya kila tokeni mna hesabu ya dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, kuzuia tokeni moja kutumika mara mbili. Nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika milioni 16 na laki saba na ushee. Zilikuwa zinaishia tarehe 24 Novemba 2024. Zile namba za ziada zilibadilisha ufunguo na kuanzisha hesabu upya.

#23 Mama_Wawili_Lindi
Ahsante sana mwanangu. Siku zote nilidhani wanatusumbua.

#24 NjombaWaLigula
Uzi umeanza na korosho umefika kwenye umeme. Bado samaki.

#25 Mhudumu_Shangani
Na mimi nina langu. Hapa nyumba ya wageni tunauza waifai kwa vocha, mfumo unamkumbuka mteja kwa MAC ya simu yake. Siku hizi wageni wanalalamika: amelipa asubuhi, jioni anaambiwa alipe tena. Fundi wetu anasema ruta imechoka.

#26 BintiMikindani
Ruta haina kosa. Simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14 ya mwaka 2020, zinaficha MAC ya kweli na kujitungia ya bandia kwa kila mtandao. Makusudi ni usifuatiliwe kila duka unalopita. Ukitaka kuitambua, angalia herufi ya pili kwenye MAC: ikiwa 2, 6, A au E, ni ya kujitungia. Mgeni akisahau mtandao wako na kuunganisha upya, baadhi ya simu zinatoa nyingine. Mwelekeze azime kipengele hicho kwa mtandao wenu tu, au badilisheni mfumo umtambue kwa namba ya vocha badala ya MAC.

Na hii imjibu Fundi pia: MAC ambayo zamani tuliiona kama alama ya kudumu, leo simu inaibadilisha yenyewe kihalali.

#27 Fundi_Chikongola
Simu, ndiyo. Kipima unyevu cha bei chee hakina akili hiyo.

#28 Mwalimu_Nachi
Kuna njia ambayo haihitaji kiwanda kuuliza mtu yeyote. Kinatunga kitambulisho kwa bahati nasibu chenye biti 128, kinaitwa UUID, kinaandikwa kwa herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari. Uwezekano wa viwili kufanana ni mdogo kiasi kwamba hakuna anayeuhesabu. Tatizo linaanza pale mtu anapotunga mara moja halafu akanakili kwenye bidhaa zote. Bahati nasibu haikusaidii ukiipiga mara moja.

#29 Karani_Nanyamba
Nimempigia aliyeniuzia. Anasema wateja wengine hawajalalamika na nivibadilishe vyote kwa gharama yangu. Niweke picha ya stika hapa muone?

#30 Kamera_Kilwa
Usiweke! Ficha hiyo namba na QR. Kwa vifaa vingi, hasa kamera, namba ya stika inatumika kama ufunguo.

Mwaka 2019 mtafiti Paul Marrapese alionyesha kwamba kamera zinazotumia mfumo wa iLnkP2P zilikuwa na namba zinazokisiwa: herufi za mwanzo, tarakimu sita, kisha herufi tano. Ukijua mpangilio unaweza kuzitafuta moja baada ya nyingine mpaka uikute kamera iliyo hewani, bila hata kujua ipo wapi. Alikuta vifaa zaidi ya milioni mbili. Wengi walikuwa hawajabadilisha nywila ya kiwandani. Mimi nimefunga kamera kwenye stoo yangu Kilwa Masoko, na kazi ya kwanza ilikuwa kubadilisha nywila na kuibandua ile stika ya nje.

#31 Mzee_wa_Mtama
Namba ya simu yangu ya IMEI niliiandika kwenye daftari, na boksi nimelitunza. Polisi wakiniuliza ninayo. Sasa mnasema niifiche?

#32 Kamera_Kilwa
Itunze mzee, na ukiibiwa wape polisi. Usiibandike tu mitandaoni. Kutunza na kutangaza ni vitu viwili.

#33 Dereva_Masasi
Karani, kabla hujatoa hela: futa vifaa vyote kwenye akaunti, kisha sajili upya cha mlangoni peke yake. Kirudishe cha nyuma kwenye hali ya kiwandani, kisajili kwenye akaunti nyingine kwa simu nyingine. Kikikubali na cha mlangoni kikabaki kwenye akaunti yako, tatizo ni usajili.

#34 BintiMikindani
Na kikisajiliwa huko halafu cha mlangoni kikatoweka kwako, ni kitambulisho kimoja ndani ya vyote viwili. Hapo mdai muuzaji, kwa sababu hakuna utakachobofya wewe kikakitenganisha.

#35 Fundi_Chikongola
Na vikiendelea kuyumba hata kimoja kikiwa peke yake, mbadilishie adapta. Umeme ukiyumba kifaa kinajizima na kujiwasha, kinaingia upya kila mara. Mmeiruka hiyo wote.

#36 Karani_Nanyamba
Nimechomoa kimoja kimoja na kilichobaki kilitulia, ila adapta nitaijaribu pia. Ghala lina kufuli mbili na ufunguo mmoja anao mwenyekiti, yuko Tandahimba. Akirudi najaribu vyote. Shukrani wakuu.

#37 Nahodha_Msimbati
Njomba wa Ligula umetaja samaki, nimekuja. Nataka kufunga GPS ya laini kwenye boti maana mashine zinaibwa. Huko nje hakuna mnara. Namba yake itapotea nikiwa baharini?

#38 Dereva_Masasi
Haipotei, nahodha. IMEI imo ndani ya GPS, ipo hata kusipokuwa na mtandao. Ukibadilisha laini namba ya simu inabadilika, IMEI inabaki, na seva inakutambua kwa IMEI. Ukiwa nje ya mnara nyingi zinahifadhi mahali ulipopita, ukikaribia pwani zinatuma zote kwa mkupuo. Chagua yenye uwezo huo, uliza kabla ya kulipa. Halafu badilisha nywila, nyingi zinatoka na 123456 na mwizi naye anajua.

#39 Nahodha_Msimbati
Nikiifunga chini ya sakafu ya boti na kuiziba kwa resini, kuna ubaya?

#40 Dereva_Masasi
Mbao na resini si tatizo, chuma ndicho kinachoziba. Ila piga picha ya stika ya IMEI kwanza na uitunze. Ukishaziba huisomi tena, na siku ya kusajili seva haitakuuliza jina la boti.